Laleni Mjini, Tokeni na Maji Kupwa

SWALI: Sisi ni watu sita wa Langoni, Lamu: mimi, mume wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka minne, mkubwa kumi na mmoja) na mavyaa wangu (mama wa mume wangu), ambaye magoti yanamsumbua. Likizo ya Agosti tunataka kuwapeleka watoto Malindi waone samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari, na Watamu ikiwezekana. Jirani zetu walikwenda mwaka jana wakarudi wakisema siku tatu zimekula akiba ya mwaka mzima. Tulale wapi, tule nini, tusije tukarudi na madeni? Na je, tukiwa huko tunaweza kugusa Tsavo kwa siku moja?

JIBU: Dada yangu wa Langoni, nianze na hao jirani zenu, maana nadhani najua pesa zao zilikokwenda. Hazikwenda kwenye lango la hifadhi. Mkenya hulipa kwa shilingi, na kiasi chake ni sehemu ndogo ya anacholipa mgeni wa ng'ambo kwa dola. Watoto wana bei yao ya chini, na wadogo kabisa hawalipi. Familia ya watu sita ikitoka Lamu, nauli ya basi kwenda na kurudi ni mzigo mkubwa kuliko tiketi za hifadhi. Akiba ya jirani zenu, naamini, ilimezwa na mambo mawili: kitanda kinachotazama bahari, na boti waliyoikodi saa ambayo maji hayakufaa, ikabidi walale usiku wa ziada ili watoke tena. Hilo la pili watu hawalisemi sana, na ndilo nitakaloanza nalo. Siku ya boti ndiyo inayoamua mtalala usiku mngapi, na kila usiku wa ziada ni milo mitatu kwa vinywa sita.

Wewe ni mtu wa Amu, sina haja ya kukufundisha bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo). Nakukumbusha tu kwamba mtalii wa matumbawe anafuata maji kama mvuvi anavyoyafuata. Matumbawe hupendeza maji yakipwa. Jua linafika chini, samaki wanakuwa karibu na kioo cha sakafu ya boti, na mwamba wa nje unajitokeza ukayavunja mawimbi kabla hayajawafikia. Maji yakijaa, unalipa pesa zilezile kutazama ukijani mtupu. Pwani yetu, siku za bamvua, kupwa ya mchana huangukia kama saa nne asubuhi, kisha kila siku inasogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo tarehe 14 mpaka 17 ya mwezi wa Kiislamu, au mwezi unapoandama mpaka tarehe 3, kupwa mtaipata kati ya saa nne na saa sita, jua likiwa juu na watoto wakiwa hawajachoka. Tarehe 7 au 8, na 22 hivi, ni maji mafu: kupwa inakuja kama saa kumi alasiri, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa Agosti jambo hili lina uzito zaidi. Kusi, upepo wa kusini, bado linavuma, ingawa mwisho wa mwezi linaanza kuchoka, na kwa kawaida asubuhi bahari ni tulivu kuliko alasiri. Kupwa ya asubuhi basi inawafaa mara mbili. Kusi lina wema wake pia, ambao watu wengi hawaujui: ndilo linalosukuma tope la mto Sabaki kuelekea kaskazini, upande wa Mambrui, likaiacha ghuba ya Malindi. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, hasa mvua zikinyesha bara, tope hilohilo hushuka kusini na maji ya Malindi yakawa rangi ya chai ya maziwa. Nimeona wageni waliokuja Desemba kwa sababu ndiyo msimu wa sifa, wakaishia kutazama tope. Agosti yenu si mbaya hata kidogo, mradi mtoke asubuhi.

Fungueni kalenda leo, tafuteni siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo ndani ya likizo, kisha mpange kuingia Malindi siku moja kabla yake. Mkifika, mwulizeni nahodha: "Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Akijibu kwamba saa yoyote ni sawa, mshukuruni, mtafute mwingine.

Hifadhi ni mbili, ya Malindi na ya Watamu. Zote zilitangazwa mwaka 1968, na kila moja ina tiketi yake. Tofauti na kule kwenu Kiunga, ambako ni hifadhi ya akiba na wavuvi wanaruhusiwa kuvua kwa zana za asili, ndani ya hizi mbili hakuna kuvua, hakuna kuokota kombe, hakuna kuvunja hata kijiti cha tumbawe. Ndiyo maana samaki wake hawaogopi watu. Mkitaka ushauri wangu, boti fanyeni moja tu, na iwe ya Malindi. Watamu maji yake ni mazuri mno, sibishi, lakini Malindi mjini ndiko kwenye vitanda na vyakula vya bei nafuu, na lango la hifadhi liko upande wa Casuarina, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka katikati ya mji. Watamu mtaifikia siku ya pili kwa matatu, bila boti.

Tiketi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, nayo M-Pesa inakubaliwa. Msije na noti mkitegemea kuzihesabu dirishani. Wekeni pesa kwenye simu mkiwa bado mjini, na mtazame bei ya siku hiyo kwenye mtandao wa KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu viwango hubadilishwa. Vitambulisho ni lazima, bila hivyo hamna ushahidi kwamba ni raia, na kwa watoto bebeni nakala za vyeti vya kuzaliwa. Mwaijua njia ya Mokowe kwenda Garsen, vitambulisho mtaombwa hata kabla hamjafika.

Boti ni malipo mengine kabisa, mbali na tiketi, na hapa ndipo familia nyingi hushangaa. Kwanza uliza kama bei ni ya boti nzima au ya kila kichwa. Pili uliza kama miwani na mipira ya kupumulia imo ndani ya bei, na kama kuna jaketi la kujiokolea linalomtosha mtoto wa miaka minne, uliguse, umvalishe kabisa. Ninyi sita mnaweza kuchangia boti na familia nyingine ya idadi kama hiyo. Pale ufukoni asubuhi hamkosi wenzenu wanaotafuta watu wa kugawana nao. Mkichangia, bei ya kichwa inashuka karibu nusu, na watoto wanapata wenzao.

Kwa mavyaa, boti ya kioo ndiyo yake: anakaa kwenye benchi, anaona kila kitu bila kulowa. Shida yake itakuwa kupanda. Maji yakishapwa kabisa boti inaelea mbali, na nyinyi mtatembea juu ya mchanga wenye mawe hadi kuifikia. Tokeni saa moja na nusu hivi kabla ya kupwa, boti ikiwa bado karibu, mrudi maji yakishaanza kujaa. Atapanda maji yakimfika magotini tu, mume wako upande mmoja na nahodha upande wa pili. Mwambieni nahodha habari hii tangu jana yake, aje na ngazi. Na akiwatolea watoto mkate wa kuwatupia samaki, mkate huo wale watoto wenyewe. Samaki wana chakula chao.

Sasa kulala. Malindi ina ukanda wa bahari na ina mji. Ukanda wa bahari una bustani, vidimbwi vya kuogelea, walinzi wenye sare, na bei za sare hizo. Mjini, kuanzia Shela (ya Malindi, si ile yenu) mpaka Barani, Maweni na mitaa ya karibu na soko na stendi, kuna gesti za kawaida zenye feni, neti na choo ndani, na chumba cha watu wawili mnaweza kukipata kati ya shilingi 1,000 na 2,500 kutegemea mtaa na ujuzi wako wa kuongea. Msidanganyike kwamba Agosti ni msimu wa chini. Waitaliano nao wako likizo mwezi huo, na Malindi wameifanya mji wao wa pili. Msimu wa bei kuporomoka ni Aprili mpaka Juni, hoteli nyingi za ufukoni zinapofunga kabisa.

Lakini kwa watu sita mimi nisingechukua gesti. Vyumba vitatu vya gesti kwa usiku mitatu ni pesa nyingi kuliko nyumba moja ya kukodi yenye vyumba viwili na jiko, na jiko ndilo litakalowaokoa, kama nitakavyoeleza. Nyumba za namna hiyo ziko nyingi, nyingine ni za Waitaliano wenyewe ambao hawaji kila mwaka. Kabla ya kukubali, uliza mambo ambayo picha hazionyeshi. Tokeni za stima ziko juu ya nani? Mtungi wa gesi una gesi? Maji ya bomba ni matamu au ya chumvi? Neti zipo kwa kila kitanda? Ni ghorofa ya ngapi? Hilo la mwisho ni la mavyaa, maana nyumba nzuri ya ghorofa ya tatu kwake ni kifungo. Uliza pia kama kuna baa chini yake au jirani, hasa mkifika Ijumaa au Jumamosi. Na pesa msitume kwa nyumba ambayo hamjaiona. Kuna matapeli wanaopangisha nyumba za picha. Kama mna mtu Malindi, aende akaitazame. Kama hamna, lipieni gesti usiku wa kwanza, asubuhi mzungukie nyumba wenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa Lamu analo na mtalii wa Nairobi hana. Watamu ilikuwa kijiji cha wavuvi Wabajuni kabla haijawa jina kwenye vipeperushi vya utalii, na Shela ya Malindi imejaa jamaa waliotoka visiwa vyenu. Mkihesabu vizuri hamtakosa shangazi au binamu. Kulala kwa jamaa usiku mmoja ni heshima kwao na nafuu kwenu, mradi msiingie mikono mitupu: mfuko wa mchele, sukari, na kitu cha Lamu ambacho wao wanakikosa, halua au visheti. Usiku mmoja, nasema. Watu sita ni wengi, na mwenye nyumba hatawaambia, lakini siku ya tatu jembe linaanza kutafutwa.

Kuhusu chakula nitakaa zaidi, kwa sababu kwa familia ndicho kinachovuja kidogo kidogo bila mtu kuona.

Safari yenyewe mnaweza kuivuka bila kununua chochote. Basi husimama Witu na Minjila, na vyakula vya kwenye vituo vya basi vina bei ya mtu asiye na pa kwenda. Mkate wa sinia, visheti, mayai ya kuchemsha na birika la chai vinatosha mpaka Malindi. Maji msinunue chupa ndogo ndogo: beba chupa zenu, na mkifika nunueni dumu la lita kumi au ishirini, mlijaze kwenye maduka ya maji yaliyo kila mtaa.

Asubuhi ya Malindi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mama wa mahamri huanza baada ya alfajiri na saa mbili mara nyingi amemaliza, basi msilale sana. Hamri kumi na mbili, mbaazi za bakuli mbili na chai ya tangawizi zitawashibisha wote sita kwa pesa ambayo kwenye ukanda wa bahari hainunui kifungua kinywa cha mtu mmoja. Siku ya boti kuleni mapema na msizidishe. Mbaazi nzito pamoja na wimbi la kusi havielewani tumboni, hasa kwa yule wa miaka minne.

Mkitaka kubeba chakula mpaka lango la hifadhi, kumbukeni kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi Kenya. Chupa za maji za dukani, sahani na vijiko vya kutupa, hata mirija, haviingii. Tumieni bakuli za mfuniko, hotipoti, vikombe vya bati na chupa za kurudia. Kwa watu wa Lamu hili si adhabu, ndivyo tulivyokuwa tukibeba chakula cha shambani siku zote.

Chakula cha mchana kina mtego wa saa. Hoteli za mjini, nazo ndizo mnazotafuta, hupika sufuria moja ya pilau, moja ya wali wa nazi, mchuzi wa samaki, maharagwe au pojo. Kuanzia saa sita na nusu watu wanajaa, na ikifika saa nane unaambiwa kimebaki chapati. Nyinyi mkitoka baharini na kupwa ya saa tano, kuoga, kupanda tuktuk na kufika mjini ni saa nane kasoro. Kwa hiyo asubuhi mnapokunywa chai, ongeeni na mwenye hoteli awawekee. "Mama, tuwekee sahani nne na nusu mbili, tunakuja saa nane." Nusu ni za watoto wadogo, na zinawatosha. Mwachieni chochote mkononi, atawawekea na nyongeza ya mchuzi.

Mgahawa wa ufukoni si dhambi, ila mjue unavyohesabu. Samaki huuzwa kwa uzito, na bei iliyoandikwa inaweza kuwa ya gramu mia, si ya samaki mzima. Uliza kabla hajaingia jikoni: huyu mzima ni shilingi ngapi, na kodi imo? Mkitaka kuketi mbele ya bahari, agizeni juisi ya ukwaju au madafu, mkae mtakavyo, halafu chakula mkale mjini.

Na jiko la nyumba ya kukodi sasa. Karibu na gati ya Malindi wavuvi hushusha samaki, na hapohapo na mitaani jioni mtawakuta mama karanga, yaani wakaanga samaki, na karai zao. Samaki wa kukaanga wa mama karanga, kipande cha changu au tafi, pamoja na wali mtakaoupika wenyewe kwa nazi ya kukunwa sokoni, ni chakula cha jioni cha watu sita kwa bei ya sahani mbili za hotelini. Mchicha na ndimu ziko kando ya soko. Asiyetaka kupika kabisa likizoni, na simlaumu, maana likizo ya mama mara nyingi ni kuhamisha jiko tu kutoka mji mmoja hadi mwingine, basi mume wako achukue zamu ya wali. Si kazi kubwa hiyo.

Baada ya Maghribi vilevile, mitaa ya mjini huwa na viazi karai, mishikaki, mihogo ya kuchoma ya pilipili na ndimu, na kaimati. Watoto wanachagua wenyewe, kila mmoja na chake, na mfuko hauumii. Katika yote hayo kuna ubadhirifu mmoja ninaouruhusu: aiskrimu ya Kitaliano. Malindi inajua kuitengeneza, na kijiko kimoja cha embe kwa kila mtoto kitakumbukwa kuliko samaki wote.

Siku ya pili, Watamu. Matatu za Malindi kwenda Watamu hupitia Gede, mwendo wa kilomita 24 hivi kwa jumla. Shukeni Gede kwanza, asubuhi kabla ya jua kali. Magofu yake yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, tiketi ya raia ni nafuu, na mtoto wenu wa miaka kumi na mmoja ataona msikiti, kasri na visima vinavyofanana na vya Lamu, isipokuwa mibuyu imeshika nafasi ya watu. Ndizi msizishike mkononi. Kima wa Gede wanajua mfuko wa mgeni kuliko mwenyewe, na mnaweza kupoteza chakula chenu chote cha mchana kwa dakika moja. Pembeni ya magofu kuna Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993 ambapo jamii zinazouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza pupa (vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda) ng'ambo. Watoto wadogo hulipenda banda la vipepeo kuliko magofu.

Msitu wenyewe, wa kilomita za mraba kama 420, unaanzia hapohapo kando ya barabara kuu. Ni matembezi ya bei ndogo, na kuna mahali pa kupiga hema kwa wanaopenda, lakini kwa mtoto wa miaka minne na magoti ya mavyaa ningeuacha. Kama mkubwa anapenda wanyama, baba yake amchukue, waende wawili tu, saa kumi na mbili asubuhi, na mwongozaji wa pale langoni. Wakibahatika watamwona yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu.

Alasiri shukeni Mida. Ghuba hiyo ya mikoko ina jamii zinazoiendesha: upande mmoja kuna daraja la mbao la kutazama ndege, ambalo mapato yake yanasaidia karo za wanafunzi wa vijiji jirani, na upande wa Dabaso kikundi cha kijiji kina mkahawa juu ya mikoko unaosifika kwa sambusa za kaa. Daraja la ndege linatikisika, mavyaa abaki. Kule Dabaso atafika, akitembea polepole. Bei zake si za mama karanga, basi msile chakula kizima: sahani ya sambusa, soda, na mtazame jua likishuka. Kama kaa hamli, samaki yupo. Mkitaka pia mtumbwi wa kuzunguka mikokoni, hapo hesabu inageuka: Mida inataka maji yaliyojaa, na siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alasiri. Siku ileile iliyowapa matumbawe asubuhi ingewapa mikoko alasiri, ndivyo bahari yetu ilivyopangwa. Ulizeni tu matatu ya mwisho ya kurudi Malindi kabla ya kukaa, la sivyo tuktuk ya usiku itakula mlichookoa.

Tsavo kwa siku moja: inawezekana, lakini sikushauri safari hii. Lango la Sala liko kama kilomita 110 kutoka Malindi, malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na ndani hakuna kutembea kwa miguu wala bodaboda, lazima gari. Gari la kukodi kwa siku nzima pamoja na dereva na mafuta linaweza kupita gharama ya siku zenu zote tatu za Malindi. Tsavo Mashariki ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, wanyama wametawanyika, na mtoto wa miaka minne atalala mpaka mto Galana na kuamka mnarudi. Ndovu wale wekundu wa vumbi wanastahili safari yao. Mwaka mwingine shukeni Mombasa, mpande treni mpaka Voi, mlale kwenye gesti za mji wa Voi, ambazo ziko karibu na lango, kisha mchangie gari na familia nyingine kwa asubuhi moja. Bebeni chakula kutoka mjini, kwa sababu ndani ya mbuga mahali pa kula ni loji, na bei za loji hazina huruma.

Kwa hivyo mpango wenu ni usiku mitatu: kuingia, boti, Gede na Mida, kisha kurudi. Tiketi za basi la kurudi Mokowe kateni siku ileile mnayofika Malindi, kwa sababu mwisho wa likizo wanafunzi nao wanarudi shule na viti vinakwisha. Chukueni la asubuhi. Likiwafikisha Mokowe mchana mtavuka na boti ya abiria kama kawaida kwa nauli ya kila mtu. Mkichelewa mpaka giza, mtakodi boti peke yenu, na mavyaa atashuka gatini gizani.